Kama Mnavyojua Nyote

2 Septemba. Mvua.

Daftari hili alilinunua marehemu mume wangu Shigekazu, ili aandike mambo ya mpunga. Akaandika ukurasa mmoja, akafa. Huu ni mwaka wa pili tangu aondoke, na daftari limekaa droo ya jikoni likiliwa na ukungu. Basi nitaliandika mimi, Sawae, mwenye miaka sitini na mitatu na magoti mabovu. Nitaandika mpaka mavuno yaishe. Nina majaruba matatu, yote chini ya mfereji wa juu, na mpunga umeshainamisha vichwa. Mwaka huu hauna ubaya.

4 Septemba. Mvua.

Nguruwe mwitu amebomoa tuta la jaruba la pili. Mnyama gani huyu asiyekuwa na adabu.

6 Septemba. Mawingu.

Mzee Kuwabara, mwenyekiti wetu, alipita alasiri. Hakuingia ndani, alikaa kwenye kizingiti kama kawaida yake, kofia mapajani. Nikamletea chai na achari ya figili. Alikula vipande vitatu. Tukazungumza habari za mvua, habari za nguruwe, habari za goti langu. Akasema, "Shemeji, mawe ya lango la maji siku hizi yamekuwa mazito." Nikasema, "Kweli, yamekuwa mazito." Akasema, "Na watu tumebaki wachache." Nikasema, "Ni kweli kabisa, wachache." Akavuta pumzi katikati ya meno, akatazama mlima, akaondoka. Aliacha boksi la keki za maharage matamu, zile za duka la stesheni. Sijui kwa nini. Si sikukuu, na hakuna aliyekufa.

7 Septemba.

Nimekula keki nne. Nzuri.

11 Septemba. Mvua.

Ubao wa matangazo umefika kutoka kwa jirani. Niliupokea mlangoni huku maji yananichuruzika, nikagonga muhuri wangu kwamba nimesoma, nikaupeleka nyumba inayofuata. Mkutano wa kitongoji tarehe 28, habari za mfereji. Bila shaka ni usafi wa masika, kama kila mwaka.

16 Septemba.

Redio inasema kimbunga namba kumi na tano kinageukia huku. Redio imesema hivyo mara tatu mwaka huu.

19 Septemba. Jua!

Kimbunga kimeenda zake baharini. Tumevuna jaruba la kwanza. Mwanangu Haruki alikuja kutoka Nagoya kwa siku mbili, akalalamika mgongo kutwa nzima. Tumetundika mpunga kwenye vichanja, ukauke kwa jua na upepo. Wengine wote hapa wanapeleka kwenye mashine. Shigekazu hakutaka mashine na mimi sitaki. Siku ya mwisho hospitali alinishika kidole, kidole kimoja tu, hakuwa na nguvu ya kushika mkono, akasema, "Usiyaache yakauke." Majaruba, alimaanisha. Nikasema sitayaacha. Mwanamke akishasema, amesema.

24 Septemba.

Jaruba la tatu limeisha. Mikono imechubuka. Nimelala saa mbili.

28 Septemba. Mawingu.

Nimekasirika hata kalamu inatoboa karatasi.

Nilikwenda mkutanoni na muhuri wangu mfukoni, nimevaa lile koti zuri. Nyumba nane, watu wanane, mito ya kukalia imepangwa, chai, biskuti za mchele. Mzee Kuwabara akakohoa. Akasema hivi, naandika neno kwa neno:

"Kama mnavyojua nyote, mfereji wa juu utafungwa kuanzia mwakani. Karatasi inatakiwa mjini kabla ya tarehe thelathini Novemba. Kuna mwenye swali?"

Kuna mtu alikuwa anatafuna biskuti.

"Basi tupige mihuri."

Na karatasi ikaanza kuzunguka! Onuki, yule wa samaki wa bwawani, akagonga. Masaru, mwana wa jirani yangu Fusano, akagonga. Wote wanagonga kama wanapokea barua ya posta. Mimi nimekaa mdomo wazi. Mfereji wa juu ukifungwa, majaruba yangu hayapati hata tone. Si machache, si nusu. Hata tone! Karatasi ikafika mbele yangu.

Nikasema, "Mimi sikuambiwa."

Loo, ungedhani nimevua nguo. Wote wakainamisha macho kwenye mkeka. Mzee Kuwabara akawa mwekundu kuanzia shingoni.

"Shemeji," akasema, "lakini jambo hili linajulikana."

"Linajulikana na nani?"

"Na... watu wote."

"Mimi si mtu?"

"Sikusema hivyo, shemeji."

"Basi sema ulichosema! Nani alikuja kwangu akaniambia mfereji unafungwa? Nani? Anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Mzee Kuwabara alifungua kinywa, akakifunga. Nikarudisha muhuri mfukoni. Bila mihuri minane karatasi haiendi kokote, na wote wanalijua hilo. Nikasema, "Wangu hamuupati," nikatoka. Nikavaa viatu vya mtu mwingine. Nikarudi kuvibadilisha, na hakuna aliyecheka.

Miaka thelathini na sita! Nimeolewa hapa nikiwa na miaka ishirini na saba. Nimefagia njia yao ya hekalu, nimezika wazee wao, nimepika kwenye misiba yao yote. Lakini mimi ni wa kuja, natoka pwani, kwa hiyo wakienda nyumba kwa nyumba kunong'onezana wanairuka nyumba yangu. Shigekazu angekuwa hai wangemwambia. Wangemwambia yeye, mwenyeji. Mjane wake wa nini?

29 Septemba.

Bado.

1 Oktoba. Jua.

Nimekutana na Onuki barabarani. Akasema, "Hali ya hewa imekuwa nzuri." Nikasema, "Inajulikana." Akaharakisha.

4 Oktoba.

Ubao umekuja. "Kuhusu mfereji: nyumba zote zimekubali, isipokuwa moja." Hawakuandika jina. Wamenistahi, eti! Kitongoji kina nyumba nane, na hata nguruwe mwitu anaijua hiyo moja ni ipi. Nimegonga muhuri kwamba nimesoma. Nimeugonga juu chini.

13 Oktoba. Upepo.

Mpunga umekauka vizuri. Tumepura. Kila mwaka Shigekazu akishapura, mfuko wa kwanza wa mchele mpya alikuwa akiupeleka kwa Mzee Kuwabara. Walisoma darasa moja, walienda jeshi la zimamoto la kitongoji pamoja. Mwaka huu mfuko haukwenda. Upo hapa mlangoni, napita kando yake kila asubuhi. Akautafute kwa wale walioambiwa.

15 Oktoba.

Nimepika mchele mpya. Nimeweka bakuli la Shigekazu kwenye madhabahu yake, mbele ya picha. Nimemuuliza, wewe ulikuwa unajuaje mambo ya hapa kabla hayajatokea? Kila baada ya mkutano ulirudi nyumbani mtulivu kama umetoka kuoga. Hakujibu. Alipokuwa hai pia hakuwa msemaji.

20 Oktoba. Mvua ya baridi.

Nimekaa nafikiri jinsi watu wa hapa tunavyozungumza. Tuna namna nyingi za kusema kwamba jambo lilijulikana mapema. Kama mnavyojua. Kama mlivyokwisha kusikia. Nilishaligusia. Lilikuwa limeshapita masikioni. Zote ni laini, zinateleza kama tambi. Na kwa aliyeachwa nje tumempa sentensi moja tu ya kusimama nayo: mimi sikuambiwa. Mtu akishaisema, amekuwa mgomvi. Walionyamaza wanabaki watu wazuri, na yeye aliyeuliza ndiye mwenye makosa. Khaa!

27 Oktoba.

Hakuna aliyekuja. Siku hizi hata mwenye kuuza tofu anapiga honi mbali.

2 Novemba. Jua, baridi.

Leo nimejua jambo. Naandika polepole.

Fusano alikuwa mferejini anaosha figili zake za achari. Ana miaka themanini na moja, mgongo umepinda, lakini figili arobaini anaziosha peke yake na brashi ya majani. Nilitaka kupita bila kusalimu. Akasema bila kuinua kichwa, "We Sawae, umenuna mpaka lini? Njoo ushike hizi."

Nikachuchumaa. Maji yalikuwa baridi ya kukata vidole.

"Mwakani utaosha wapi?" nikamwuliza. "Mwanao si ameshagonga muhuri?"

"Bombani. Nitafanyaje?"

"Ulitaka ufungwe?"

"Nani? Mimi?" Akaniangalia kama nimemtukana. "Nimeosha hapa tangu nilipoolewa. Lakini Kuwabara alikuja, nikaona watu wameshakubali. Nikiwa mimi peke yangu wa kupinga, si nitakuwa..."

"Si utakuwa mimi."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Ila na wewe, mwanangu. Mkutanoni ndiko pa kusema? Mkutanoni watu wanakwenda kunywa chai. Maneno yanamalizwa kabla. Shigekazu hakukufundisha?"

"Kunifundisha nini?"

"Ala! Unadhani alikuwa anakwenda wapi na zile achari?"

Nikaachia figili, ikachukuliwa na maji. Kila kabla ya mkutano, wiki nzima, Shigekazu alikuwa akitoka jioni na bakuli la achari yangu, anarudi ananuka sake. Nilimgombeza miaka thelathini na nne kwa hilo. Nilimwita mzururaji. Nilimwambia anazigawa achari zangu kwa walevi wenzake. Hakujitetea hata siku moja. Alisema tu, "Achari yako inasifiwa."

Kumbe alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba. Anakaa kwenye vizingiti. Anasikiliza. Ndiyo maana mfereji ulidumu miaka yote hiyo. Na mimi namgombeza.

Nimekasirika upya, ila sasa sijui niikasirikie nyumba gani. Mtu unaishi naye miaka yote hiyo asikuambie kazi yake!

3 Novemba.

Nimefungua pipa la achari. Imeiva.

5 Novemba. Jua.

Kwa Onuki. Nilikaa kizingitini, nikasifu samaki wake. Maji ya bwawa lake yanatoka kwenye mfereji uleule, mpumbavu huyu, na aligonga muhuri wa kwanza! Nikasema, "Samaki wako wazuri, mwakani watapenda maji ya bomba?" Akakuna kichwa muda mrefu. Akasema, "Dada, mimi sikutaka. Nilidhani ninyi wote mnataka." Alikula achari bakuli zima.

6 na 7 Novemba.

Nyumba mbili. "Sikutaka, nilidhani wengine wanataka." "Mimi hata sikulifikiria, nilisikia limeshaamuliwa." Nimeanza kuumwa tumbo kwa chai.

8 Novemba.

Kwa Fusano. Mwenyewe alikuwa kliniki na mwanawe Masaru kazini, alikuwepo Rie peke yake, mke wa Masaru, aliyekuja hapa miaka mitatu iliyopita kutoka Osaka. Msichana mchangamfu. Nikamwambia mfereji ukibaki utahitaji watu wenye migongo mizuri. Akasema, "Kweli, mama." Nikamwambia yeye ana mgongo mzuri. Akacheka, akasema, "Ni kweli, mama." Huyo tayari. Chai yake ni nyepesi.

12 Novemba.

Nyumba mbili za mwisho. Ukiacha ya Mzee Kuwabara, zote zimeisha. Hakuna hata mmoja aliyetaka kuufunga mfereji. HATA MMOJA. Watu sita wamegonga mihuri kwa jambo lisilotakiwa na yeyote, kwa sababu kila mmoja alijua mapema kwamba mwenzake anajua. Ningewakusanya wote niwachape kwa figili.

Kwa Mzee Kuwabara siendi. Nimekata shauri. Tarehe 24 ni mkutano wa mwisho. Atasimama, ataanza "kama mnavyojua nyote", na wote watakuwa wanajua, isipokuwa yeye. Aionje na yeye. Nimelala vizuri.

17 Novemba. Mvua.

Nilitaka kuhesabu siku tangu vichanja viliposimama, nikafungua daftari mwanzo. Nikaisoma tarehe 6 Septemba.

Nikaisoma tena.

Alikuja! Alikaa pale. Alileta boksi la duka la stesheni, na duka la stesheni ni safari ya saa nzima kwa basi. Mawe yamekuwa mazito. Watu tumebaki wachache. Na mimi nikasema nini? "Ni kweli kabisa." Nimeliandika kwa mkono wangu mwenyewe! Halafu nikala keki nne.

Nimelia kwa hasira jikoni. Hawakuiruka nyumba yangu. Aliniambia vilevile alivyowaambia wengine, nusu nusu, kwa kuvuta pumzi katikati ya meno, kama anavyoambiwa mtu wa hapahapa anayetarajiwa kuelewa. Mgeni angeelezwa. Mgeni angechorewa hata ramani. Mimi nilitendewa kama mwenyeji na nikasimama mbele ya watu saba nikapiga kelele kwamba sikuambiwa. Na yeye alifungua kinywa, akakifunga. Angeweza kusema, "Shemeji, nilikuja, tukala achari." Angenimaliza palepale. Hakusema.

Lakini na yeye! Angepungukiwa nini kusema neno moja, "utafungwa"? Neno moja! Mtu mzima ana meno yake yote!

18 Novemba. Mvua imekatika alfajiri.

Sikupata usingizi, nikapanda mpaka kwenye lango la maji kuyaona hayo mawe. Mvua ikinyesha sana, lazima mtu ayaondoe mawe ya mdomoni ili maji yamwagike mtoni, vinginevyo mfereji unapasuka, kama ulivyobomoka pale chini ya lango. Nimekunywa maji ya mfereji huu miaka thelathini na sita na sikuwahi kujiuliza ni nani anayeyaondoa.

Alikuwepo. Mzee Kuwabara, miaka sabini na sita, na mabuti, na taa ya kichwani. Amepiga goti moja majini. Aliinua jiwe mpaka pajani, akapumzika. Akalifikisha ukingoni, akapumzika, ameshika kiuno. Mpini wa chuma wa kufungulia lango ulikuwa umesimikwa ubavuni mwake, na kila akitaka kuinuka anaukamata kwa mikono miwili. Nilihesabu mawe manne. Kwa manne hayo kulipambazuka.

Sikujitokeza. Ningejitokeza angeona aibu.

Nimerudi nyumbani. Yamekuwa mazito. Hakuwa anasema mfereji ufungwe. Alikuwa anasema amechoka! Alizunguka nyumba saba na boksi saba za keki akisema kwamba hawezi tena, na sisi saba tukamjibu ni kweli, ni kweli, tukamimina chai. Hakuna aliyesema, "Lete huo mpini." Basi akahesabu kwamba hakuna wa kuupokea, akaandika karatasi. Na mtu aliyekuwa akijua haya yote, aliyekuwa akipanda naye huko juu usiku wa mvua, na mimi nikidhani yuko anakunywa, ndiye yule kwenye madhabahu yangu mwenye uso mtulivu.

Nimemwambia Shigekazu maneno ambayo siyaandiki hapa.

19 Novemba.

Nimepanda tena. Nimeinua mawe mawili. Goti limelalamika, mgongo haukulalamika.

20 Novemba.

Mawe matatu.

21 Novemba. Jua.

Nimepanda basi mpaka stesheni, nikanunua boksi la keki. Kisha nikachukua ule mfuko wa mchele kutoka mlangoni, nikaufunga kwenye toroli, nikaenda kwa Mzee Kuwabara. Sikuingia ndani. Nilikaa kizingitini. Alinitazama kama aliyeona mzimu, akaenda kuleta chai mwenyewe, maana mkewe yuko kwa binti yao. Achari yake imechacha. Nilikula vipande vitatu.

Tukazungumza habari za nguruwe. Habari za theluji, kwamba mwaka huu itawahi.

Nikasema, "Mawe ya lango la maji, ni kweli mazito."

"Ni kweli, shemeji."

"Lakini mtu akiyainua kila asubuhi, mikono inayazoea."

Akatazama mikono yangu. Imechubuka, vidole viwili nimevifunga plasta. Akavuta pumzi katikati ya meno.

"Onuki ana kijana anayeuza mabomba ya plastiki," nikasema. "Pale mfereji ulipobomoka, mita arobaini. Na samaki wake wanapenda maji baridi."

"Samaki wanapenda maji baridi," akasema.

"Na watu, ukiwatazama vizuri, si wachache sana."

Akainamisha kichwa, muda mrefu mno. Nilidhani amesinzia. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Shigekazu alikuwa analeta mchele mapema zaidi."

"Mwaka huu umechelewa kukauka," nikasema.

Ni uongo. Anajua ni uongo. Nikaondoka.

24 Novemba. Baridi kali.

Mkutano. Mito minane, chai, biskuti. Sikulala usiku kucha, maana mtu utajuaje? Nilimwambia, lakini je, nilimwambia? Labda amesikia habari za mchele tu. Karatasi ilikuwa mbele yake, na mihuri saba myekundu juu yake. Nikaushika wangu mfukoni mpaka ukapata joto.

Mzee Kuwabara akakohoa.

"Kama mnavyojua nyote," akasema, "mfereji wa juu utabaki. Palipobomoka patawekwa bomba, Jumapili tarehe saba Desemba, kila nyumba mtu mmoja. Wazee watapika. Kuhusu lango la maji, kama mnavyojua nyote, kuanzia leo ni Sawae. Kuna mwenye swali?"

Mtu alikuwa anatafuna biskuti. Akaikunja ile karatasi mara mbili, akaiweka chini ya sahani ya chai. Akauchukua mpini wa chuma kutoka nyuma ya mto wake, alikuja nao, alishajua anakuja nao, akausukuma kwenye mkeka mpaka magotini pangu. Yote yalichukua dakika tatu. Hakuniangalia hata mara moja.

Nilitakiwa nifurahi, na nimefurahi, nimemwekea Shigekazu sake badala ya chai. Lakini nina hasira moja imebaki haitoki. Kumbe alielewa yote! Kwa achari vipande vitatu! Mimi ilinichukua miezi miwili na nusu na daftari.

25 Novemba. Vipande vya theluji.

Nilidhani nimemaliza kuandika. Leo asubuhi naupaka mpini mafuta, mlango ukagongwa kwa kishindo. Rie. Hakukaa kizingitini, alisimama, nywele hajachana, mashavu mekundu.

"Mama Sawae! Masaru ananiambia jina langu liko kwenye kubeba mawe Jumapili ya tarehe saba. Mawe! Eti limeshakubaliwa. Limekubaliwa na nani? Mimi sikuambiwa!"

Nikafungua kinywa. Nilikuwa nayo yote mdomoni: nilikuja tarehe nane, nikanywa chai yako nyepesi, nikakwambia una mgongo mzuri, ukasema ni kweli, mama. Nimeandika, ngoja nikuonyeshe.

Nikakifunga.

"Kitongoji kizima mnajua," akasema, na sauti ikaanza kumkatika. "Kila siku mimi ndiye wa mwisho. Miaka mitatu. Niambieni basi kwamba mimi si wa hapa, nijue moja."

Nikauweka mpini chini.

"Una haki," nikasema. "Hukuambiwa. Ingia, kaa."

Nikamweleza. Si nusu nusu. Nikamwambia siku, saa, mawe mangapi, uzito wake, kwamba mimi ndiye niliyemtajia Masaru jina lake, kwamba sikumwuliza, nilidhani nimemwuliza. Nikamwambia, "Unaweza kukataa." Ulimi ulikuwa mzito kuliko mawe. Sijawahi kusema mambo wazi namna ile katika nyumba hii, hata kwa marehemu.

Akafikiri. Akaniangalia usoni, akasema, "Basi nakataa. Jumapili siwezi. Nina zamu kule kwenye nyumba ya wazee."

Akakataa! Usoni! Bila kuvuta pumzi, bila kutazama mlima! Miaka thelathini na sita katika kitongoji hiki sijapata kukataliwa wazi hivyo, tena na msichana ambaye hata chai hajui kupika. Damu ilinipanda mpaka masikioni.

"Ila Jumamosi naweza," akasema. "Kuanzia saa mbili. Hayo mawe nitayasogeza kabla yenu. Sawa?"

Nikasema sawa. Akala keki mbili, akaenda zake.

Bado nimekasirika. Naandika hapa chini ili nisije nikasimama siku moja mbele ya watu nikasema sikuambiwa: Jumamosi, tarehe sita Desemba, saa mbili asubuhi, lango la maji. Rie. Alisema mwenyewe.